Viti vya Ghorofa ya Saba

Damu ilikuwa imejaa ndani ya kiatu cha Nyamizi, na Nyamizi alikuwa anacheka.

Kokugonza aliiona kwa bahati tu. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza, akichomeka upya waya wa skrini, akaona tone jekundu kwenye zulia, kisha jingine, akafuata kwa macho hadi kwenye kiatu cha raba cha wifi yake. Huko juu Nyamizi aliendelea kuongea na simu. Bibi mmoja wa Kongwa alikuwa amepiga akilia kwamba mjukuu amemeza kifungo cha shati, na sasa kifungo kilikuwa kimeonekana chini ya mkeka na mjukuu anadai uji.

"Basi mpe uji, bibi," Nyamizi alisema, machozi ya kicheko yakimlenga. "Na hicho kifungo ukishone leo leo."

"Wifi," Kokugonza aliita kutoka chini. "Vua kiatu."

"Ngoja, kuna simu nyingine inaingia."

"Vua kiatu, Nyamizi."

Alipoona havui, alikivua mwenyewe. Skrubu iliyokuwa imechomoka kwenye fremu ya meza ilikuwa imepenya soli na kuzama kisiginoni, na kwa jinsi nyama ilivyochanika, Nyamizi alikuwa ameikandamiza tangu asubuhi. Nyamizi aliinama, akaitazama kama mtu anayeonyeshwa jeraha la jirani.

"Ala! Imetoka wapi hii?"

"Huumii?"

"Niumie nini, Koku? Niko kazini."

Lakini Kokugonza alikuwa ameshaacha kutazama kisigino. Alikuwa anatazama mguu wenyewe. Kuanzia gotini kushuka chini ulikuwa umejaa, unang'aa, unene wake karibu mara mbili ya mwenzake, na rangi imegeuka ya biringanya. Aliubonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

Aliinuka taratibu, akaitazama ghorofa ya saba yote. Kazi yake ilikuwa hiyo: mhandisi wa mahali pa kazi, mwenye jukumu la kuhakikisha kila aliyeketi humo ameketi vizuri. Ukumbi ulikuwa mzuri kuliko ofisi yoyote ya Dodoma. Mwanga wa dari ulilifuata jua tangu macheo hadi machweo. Hewa iliingia imechujwa vumbi, yenye ubaridi wa wastani na harufu ya mvua ya kwanza. Kati ya meza na meza kulikuwa na mimea ya majani mapana iliyomeza kelele, hivi kwamba watu zaidi ya hamsini waliokuwa wakiongea na wagonjwa wa nchi nzima kwa wakati mmoja hawakusikika zaidi ya mnong'ono. Wote walikuwa na nyuso laini. Hakuna aliyejinyoosha mgongo. Hakuna aliyekunja shingo wala kusugua macho. Kwa muda mrefu Kokugonza alikuwa akiutazama utulivu huo kila asubuhi na kumshukuru Mungu.

Leo kwa mara ya kwanza aliitazama miguu yao chini ya meza, mmoja baada ya mwingine.

*

Kabla ya viti vile, ofisi ya Sikio la Afya ilikuwa kama ofisi nyingine. Watu walikuja kazini wazima, wakatoka wameinama. Kokugonza aliajiriwa kuwafundisha: nyayo zote mbili sakafuni, skrini ilingane na macho, viwiko visining'inie, na kila baada ya muda inuka, tembea, tazama mbali dirishani. Walimsikiliza kwa heshima, wakapiga makofi, wakarudi kukaa kama zamani. Mtu anayemwelekeza mama wa Newala jinsi ya kumzalisha dada yake kwa simu hakumbuki viwiko vyake.

Ndipo alipobuni Kitulizo. Ndani ya egemeo la kiti kulikuwa na nyuzi nyembamba kuliko nywele, zilizosikiliza mishipa ya fahamu kupitia nguo na ngozi. Maumivu yalipoanza safari kutoka kiunoni au mguuni kwenda kichwani, kiti kiliyadaka kwenye uti wa mgongo na kuyanyamazisha. Aliyeketi hakulewa wala hakusinzia. Alibaki na akili yake timamu na kazi yake mbele yake, ila mwili haukumsumbua.

Kitulizo cha kwanza kilikuwa na kazi mbili: kutuliza, na kuinua. Kila baada ya muda kiti kiliinama mbele polepole na kumsimamisha mtu, atake asitake. Wafanyakazi waliipenda ile kazi ya kwanza na kuichukia ya pili. Walilalamika kwamba wanasimamishwa mgonjwa akiwa katikati ya kukata roho. Wakaomba kuinua kuondolewe. Kukaondolewa, na ukumbi mzima ukashangilia.

*

Daktari Malekela alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kabla ya kutoa habari mbaya. Aliifuta kwa muda mrefu.

"Damu imeganda kwenye mshipa mkubwa wa paja," alimwambia Kokugonza kwenye korido ya hospitali. "Bonge refu, la siku nyingi. Mtu mwenye bonge kama hili huletwa hapa amebebwa, analia. Huyu ameingia kwa miguu yake akinisimulia habari za kifungo."

"Litayeyuka?"

"Kwa dawa, na kwa kutembea, na akibahatika. Likikatika likapanda kwenye mapafu, hatutakuwa na la kufanya. Halafu mgongo." Alimwonyesha picha kwenye skrini ya ukutani. "Pingili za chini zimesagana. Mkono wa kulia, huu mshipa wa kiganja umekwisha kabisa. Dada, huyu ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Huwa anainuka kitini?"

"Akienda chooni."

"Na wenzake?"

Kokugonza alirudisha macho kwenye ile picha ya ukutani.

"Nyinyi mmemuua mbwa kwa sababu anabweka," Daktari Malekela alisema bila ukali, "mkadhani wezi nao wamekwisha. Asirudi kwenye kiti kile. Na hao wengine niletee wote. Ukimya huu unadumu muda gani mtu akishatoka kitini?"

"Siku mbili. Tatu kwa waliokaa sana."

"Na baada ya hapo?"

Alifungua kinywa kujibu, akagundua hajui. Mwisho wa wiki ulikuwa mfupi. Ukimya ulitosha kuuvuka. Jumapili jioni baadhi ya watu walisema wanahisi kama wamebeba mzigo, Jumatatu asubuhi mzigo ukatua. Likizo watu walikuwa wameacha kuomba, na wakubwa waliichukulia hali hiyo kuwa dalili ya kuipenda kazi.

"Hakuna aliyewahi kukaa nje zaidi ya hapo," alisema.

*

Katika karakana yake, nyuma ya ukumbi, kulikuwa na kiti cha majaribio. Hakikuwa Kitulizo cha kawaida. Kiliunganishwa na vingine vyote, na aliyekikalia aliweza kusikia mwilini mwake kile ambacho kiti chochote cha ukumbini kilikuwa kikisikia na kukinyamazisha. Alikitumia zamani, viti vilipokuwa vipya, kuhakikisha vinadaka sawasawa. Siku hizo alisikia vitu vidogo: kiuno kilichochoka, kisigino kilichokufa ganzi. Hakuwahi kukaa kwenye Kitulizo chenyewe, kwa kuwa anayetengeneza alipaswa kubaki na mwili unaosema. Mgongo wake ulimuuma kila siku, na aliuzoea.

Alipotoka hospitalini alikwenda moja kwa moja karakana, akaketi, akachagua kiti cha karibu na mlango. Kilikuwa cha Mzee Ndahani, mpokea simu wa kwanza kabisa wa Sikio la Afya, ambaye wakati huo huo alikuwa akiongea taratibu na mtu wa Urambo kuhusu homa ya mtoto.

Maumivu yalimpiga Kokugonza kiunoni kama shoka. Hayakuwa mahali pamoja. Yalishuka mguu wa kushoto yakichoma, yakapanda shingoni, yakatawanyika mabegani, na chini yake kulikuwa na kitu kingine kizito, kisichokatika, kilichotoka ndani ya mfupa. Alijaribu kuvuta pumzi, pumzi ikakwama. Kupitia spika aliisikia sauti ya Mzee Ndahani ikisema, "Mpanguse kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, mwanangu, wala usihangaike."

Alikata. Akahamia kiti kingine. Akakata. Kingine. Kwenye kiti cha nne alitapika.

Ambacho hakuwa akikijua ni hiki: mishipa ile haikuwa imekubali kunyamazishwa. Ilipoona haisikilizwi, ilipandisha sauti. Kiti nacho kikaongeza nguvu ya kuizima. Mwaka hadi mwaka vilishindana, mwili ukipiga kelele zaidi na kiti kikiziba zaidi, hadi kelele ikawa kubwa kupita jeraha lenyewe. Hata jeraha likipona, mishipa isingeshusha sauti upesi. Ilikuwa imesahau namna ya kuongea kwa upole.

Aliketi sakafuni akiwa ameegemea ukuta. Upande wa pili wa ukuta huo watu wake walikuwa wanacheka na wagonjwa.

*

"Kwa hiyo unataka tuzime," alisema Mkurugenzi Tusekile.

"Tuzime, mama. Polepole, lakini tuzime."

Mkurugenzi alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo, asiyependa kupandisha sauti. Naye alikuwa amekalia Kitulizo. Kokugonza hakuweza kuacha kutazama vifundo vya miguu yake.

"Mama yangu alikuwa karani wa masjala," Tusekile alisema. "Maisha yake yote kiti cha mbao. Alistaafu hawezi kuinua sufuria ya ugali. Usiku tulimgeuza kitandani sisi watoto, na kila tukimgeuza alikuwa anatuomba radhi. Ulipokuja na kiti chako, Koku, nililia. Unakumbuka? Nilikuambia, mama angekuona angekubariki."

"Nakumbuka."

"Sasa ukizima, watapata nafuu?"

"Hapana. Wataumia sana. Wengine miezi, wengine sijui. Lakini watajua wanaumwa. Watatibiwa. Wasipojua, miili itaendelea kuharibika hadi..."

"Hadi wafe."

"Ndiyo."

"Wakiwa hawaumii."

Kokugonza alivitazama tena vile vifundo.

"Mimi siwezi kumrudishia mtu mateso kwa amri yangu," Tusekile alisema. "Wala sitakuzuia. Funguo unazo wewe. Ila nenda ukawaulize wenyewe kwanza. Ni miili yao."

*

Aliwaambia asubuhi, simu zikiwa zimeelekezwa kituo cha Mbeya kwa muda. Alisimama katikati ya ukumbi, mkononi ameshika kidhibiti kidogo cha viti kinachotosha kiganjani, chenye uwezo wa kuufuta papo hapo hata ule ukimya unaobaki mwilini kwa siku mbili. Aliwaeleza yote bila kuficha: mguu wa Nyamizi, picha za mgongo, kile alichokisikia karakana. Walimsikiliza kwa nyuso zao laini, kama wanavyomsikiliza mgonjwa.

"Sasa hivi mimi nina hali gani?" aliuliza dada mmoja wa safu ya nyuma.

"Sitaki kukudanganya. Mbaya."

"Lakini najisikia vizuri."

"Ndiyo ubaya wenyewe."

Minong'ono ikapita. Mtu akacheka kidogo, akaacha. Ndipo Mzee Ndahani alipoinua mkono, kama mwanafunzi.

"Binti yangu," alisema, "mimi nina wajukuu Mpwapwa, nataka niwaone wakikua. Zima changu."

"Mzee, nitakizima kidogo kidogo. Ukisema basi, naacha."

"Zima tu."

Alimpigia magoti mbele ya kiti. Akasogeza kidhibiti punje moja. Uso wa mzee haukubadilika. Punje ya pili. Mzee akakunja paji la uso, kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu. Punje ya tatu, mdomo wake ukafunguka, na sauti iliyotoka haikufanana na sauti ile ambayo nchi nzima iliijua kwenye simu. Ilikuwa nyembamba na ndefu. Alishika mikono ya kiti, akajaribu kuinuka, miguu ikakataa, akaanguka kwa magoti na viganja kwenye zulia, akatambaa kwenda mbele kana kwamba anakimbia kitu kilichomng'ang'ania mgongoni.

"Mrudishe!" mtu alipiga kelele. "Koku, mrudishe kitini!"

Kokugonza alimkumbatia mabega. Mzee alikuwa akitetemeka mwili mzima, jasho limemlowesha shati.

"Nikurudishe, mzee? Niambie. Nikurudishe?"

Mzee Ndahani alitikisa kichwa. Hakuweza kusema, lakini alikitikisa: hapana. Akaendelea kulia hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya watu wote, hadi wabeba machela walipofika, na kwenye lifti kilio chake kikashuka ghorofa baada ya ghorofa wakikisikia.

Kimya kikarudi. Kokugonza aligeuka. Watu wote walikuwa wameshika mikono ya viti vyao kwa nguvu, vidole vimekakamaa, na wote walikuwa wanakitazama kile kidhibiti.

"Nani mwingine?" aliuliza.

Kisha yule dada wa safu ya nyuma akasema kwa adabu sana, "Dada Koku, tunakuomba uweke hicho kitu chini."

Kulikuwa na kitufe kimoja cha kuzima vyote. Kidole chake kilikuwa juu yake. Alijua kwamba akikibonyeza, ukumbi mzima utalia kama alivyolia mzee, na miongoni mwao wangekuwamo watakaoishi kwa sababu ya kilio hicho. Alijua pia kwamba asipokibonyeza, watamshukuru. Alimtazama kila mmoja. Aliwafahamu kwa majina, na watoto wao kwa majina. Alisimama hapo hadi mkono ukaanza kuuma.

Akakiweka chini.

Simu zikarudishwa kutoka Mbeya. "Sikio la Afya, habari za asubuhi," ukumbi ukaanza tena, sauti moja, kisha nyingine, kisha zote.

*

Nyamizi alikuwa ameshatoka hospitalini na kurudi nyumbani Nkuhungu ukimya ulipomwisha. Mumewe Rwechungura, kaka yake Kokugonza, alimpigia dada yake simu alfajiri. Aliinua simu tu ili amsikie Nyamizi akilia.

Alipofika, majirani walikuwa wamesimama kwenye uzio. Rwechungura alikuwa amekaa kizingitini, vumbi la chaki la jana bado liko kwenye mikono ya koti lake la ualimu.

"Dawa walizotoa hazifanyi kitu," alisema. "Ni kama ninampa maji."

"Daktari alisema hivyo. Mishipa yake imezoea kitu chenye nguvu kuliko dawa."

"Koku, mimi ni mwalimu wa hesabu, mambo yenu siyajui. Nijibu moja tu. Kile kiti kinaweza kumnyamazisha?"

"Kinaweza."

"Basi kilete."

"Akikikalia atakufa, kaka. Ule mguu unataka atembee. Mwili unataka umwambie lini apumzike, lini apige kelele aitiwe daktari. Akikaa humo hatajua chochote."

"Na asipokaa?"

"Huenda akapona. Taratibu. Mzee Ndahani anajaribu, leo amekaa kitandani mwenyewe."

"Lini? Nimeuliza lini."

"Mwaka. Labda zaidi."

Rwechungura aliinua uso. Kokugonza hakuwahi kumwona kaka yake ana macho kama yale, hata walipomzika baba yao kule Kamachumu.

"Nenda ndani ukamwambie hiyo labda," alisema.

Nyamizi alikuwa amelala kwa ubavu, amejikunja, shuka imekunjamana kwenye ngumi zake. Midomo ilikuwa imechanika kwa kuiuma. Alipomwona wifi yake alijaribu kutabasamu, na kujaribu huko kulikuwa kubaya kuliko kilio.

"Wifi," alisema. "Kumbe ndiyo haya. Watu wananipigia kila siku wananiambia inauma, nami nawaambia pole. Sikujua ninachokisema."

"Pole, wifi yangu."

"Wewe ulikaa kwenye kile kiti chako cha kusikiliza. Rwechu aliniambia. Ulivumilia muda gani?"

Kokugonza aliona aibu. "Dakika. Haikufika dakika."

"Basi usiniambie mwaka."

Alitaka kusema neno la kumtia moyo, na maneno hayo alikuwa nayo mengi, mazuri, yote ya kweli. Lakini mwili wake ulikumbuka karakana. Alikumbuka jinsi alivyokata haraka, bila kufikiri, kama mtu anayetoa mkono motoni. Hakuna haki yoyote duniani ambayo ingemruhusu amwachie mwenzake kile ambacho yeye alikikimbia.

Mchana huo aliteremsha kiti cha Nyamizi kutoka ghorofa ya saba, akakipakia kwenye pikapu ya kukodi, akakifunga kamba yeye mwenyewe.

Kabla ya kukiwasha alirudisha ule mtambo wa kuinua. Walikubaliana: kila kikimsimamisha, atatembea hadi mlangoni na kurudi, Rwechungura akimshika. Wakamwinua kitandani wawili, wakamketisha. Kokugonza akageuza kidhibiti.

Ngumi za Nyamizi zilifunguka kwanza. Kisha mabega yakashuka. Akavuta pumzi ndefu, akawatazama mmoja mmoja, na uso wake ukarudi kuwa uso wake.

"Jamani," alisema polepole. "Jamani, nina njaa."

Rwechungura alitoka nje haraka, na Kokugonza akamsikia akilia nyuma ya nyumba.

Walifuata makubaliano kwa muda mfupi. Kisha Nyamizi akaanza kusema anachoka kusimamishwa, kwamba anaweza kutembea atakapojisikia, na Rwechungura, ambaye hakuweza tena kumnyima kitu, akaufungua mtambo kwa bisibisi ya jikoni. Kokugonza alipogundua aligombana naye, akaurudisha. Rwechungura akaufungua tena. Mara ya tatu hakugombana.

Nyamizi alifariki asubuhi, jua likiwa limeingia sebuleni. Alikuwa amemwita mumewe na kumwambia chai haina tangawizi. Rwechungura akaenda jikoni kutwanga tangawizi, na chai iliporudi hakukuwa na mtu wa kuinywa. Daktari Malekela alieleza kwamba bonge lilipanda mapafuni vipande vipande, kwa muda wa siku kadhaa, na kwamba mtu mwingine yeyote angehisi kifua kikibana, angekosa pumzi, angepiga kelele.

*

"Amekufa bila kuumia." Watu wote waliokuja msibani walisema hivyo. Walimwambia Rwechungura, ambaye aliitikia kwa kichwa, na walimwambia Kokugonza kwa shukrani, wakimshika mikono. Walioaga mwili walisema alikuwa kama amelala, hata kunyanzi la uso hakuwa nalo. Kutoka Sikio la Afya walikuja wachache, kwa zamu, na hawakukaa. Walitoa pole, wakatazama saa, wakarudi ofisini.

Mzee Ndahani alikuja pia. Alikuja na magongo mawili, akiwa ameshikwa na binti yake, na kutoka getini hadi kwenye turubai alisimama mara nyingi njiani, meno ameyakaza. Viti vya plastiki hakuviweza. Alisimama tu karibu na nguzo ya turubai mpaka mwisho, jasho likimtiririka, na watu wakawa wanampisha mbali kidogo, kwa kuwa kumtazama kuliwatia simanzi.

Kokugonza alikwenda kumsalimu.

"Shikamoo, mzee. Unaendeleaje?"

"Marahaba, binti yangu." Alingoja wimbi moja lipite. "Vibaya. Lakini naendelea."

"Ulifanya vizuri kuja."

"Sijui," mzee alisema. "Kila asubuhi najiuliza. Sitakudanganya, kila asubuhi."

Baada ya maziko, wageni walipokuwa wanakula, binamu mmoja wa marehemu aliyesafiri kutoka Nzega, mwanamume aliyefanya kazi ya kuandika hati benki kwa miaka mingi, alimvuta Kokugonza pembeni. Alitembea ameinama upande.

"Shemeji, samahani, najua siyo wakati wake," alisema kwa sauti ya chini. "Mgongo umeniua. Sasa kile kiti kilichobaki mle ndani, kina mtu?"

Kokugonza alimtazama. Alitaka kumpigia kelele, lakini usoni mwa yule mtu aliona anaumwa kweli.

"Kina mtu," alisema.

Aliingia ndani. Sebule ilikuwa tupu. Mikeka tu, na harufu ya ubani, na kiti kile karibu na dirisha, taa yake ndogo ya kijani bado inawaka kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukichomoa. Nia yake ilikuwa kukichomoa, kukata zile nyuzi za egemeo kwa kisu cha jikoni, kimoja hiki angalau. Alikwenda jikoni akakichukua kisu. Aliporudi aliwasikia watu wakiingia sebuleni wakitafuta mahali pa kumlaza bibi mmoja aliyezidiwa, akaona binamu yule yuko nyuma yao, macho yake kwenye kiti.

Akaketi, ili asikikalie mwingine.

Alitegemea mgongo tu ndio ungenyamaza. Hakujua, kwa sababu hakuwahi kukikalia, kwamba kile kitu kilichokuwa kimembana kifuani tangu asubuhi ile ya tangawizi nacho kilikuwa na njia yake kwenye mishipa. Kiti kilikisikia. Kikakidaka. Koo likalegea, kifua kikafunguka, na kwa mara ya kwanza katika siku zote hizo akavuta pumzi hadi mwisho wake. Alimkumbuka Nyamizi, akamkumbuka vizuri kabisa, kila kitu, na hakuumia.

Aliogopa. Alijua maana yake kuliko mtu yeyote aliye hai. Alijiambia atainuka wageni wakishaondoka.

Wageni waliondoka. Turubai lilishushwa, viti vya plastiki vikapangwa kimoja juu ya kingine. Rwechungura alisimama mlangoni, macho mekundu, akamwona dada yake kwenye kiti cha mkewe, kisu kimelala mapajani mwake.

"Koku," alisema. "Inuka."

"Nakuja, kaka."

Rwechungura alingoja. Kisha akaja mwenyewe, akamshika mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili, akavuta kwa nguvu, na Kokugonza akamtazama kwa upole akivuta.